Huyu Haigizi

Jumamosi moja tulikuwa watu sita kwa nyumba ya rafiki yangu pale Roysambu, tumebanana mbele ya laptopu moja, tukitazama Bad Buddy. Wengine wetu tulikuwa tunairudia. Kama hujaiona, ni tamthilia ya Thailand ya mwaka 2021. Pat na Pran ni majirani, lakini wazazi wao ni maadui na watoto wamelelewa kushindana kwa kila kitu. Katika sehemu ya tano wanakutana usiku juu ya paa. Wanabusiana. Kisha Pran anaondoka, na Pat anabaki pale peke yake kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Kwa muda hakuna aliyesema kitu. Halafu rafiki yangu akasema, "Hawa hawaigizi. Manze, mtu hawezi kuigiza macho kama hayo."

Wote tukakubali. Mimi nilikubali kwa sauti kuliko wote.

Ni baadaye, nikitembea kwenda stejini, ndipo maneno yale yalinirudia kwa sauti nyingine. Sauti yangu mwenyewe, nikiwa kidato cha pili.

Nilisoma shule ya bweni ya wavulana. Ukisoma shule kama hiyo unajua kwamba tamasha za drama zikikaribia, lazima mtu aigize mama, na lazima mtu aigize msichana wa kijijini. Mwaka huo mchezo wetu ulihusu mjane anayefukuzwa shambani na ndugu za marehemu mumewe, na nafasi ya mjane ilipewa kijana mmoja wa darasa letu. Jina lake sitalitaja. Alikuwa mpole, mwembamba, mzuri wa hesabu.

Nilimwona akijifunza. Nyuma ya bweni, karibu na kamba za kuanikia nguo, alikuwa anajifunga leso aliyoazimwa na metroni, anakaa kwa kigoda, anaepua sufuria kwa pembe za leso na kuiweka chini. Anarudia. Anarudia tena. Nilimuuliza mbona haiangalii sufuria anapoiweka. Akaniambia likizo nzima alikuwa anamwangalia shangazi yake akipika, na shangazi haangalii, mkono unajua mahali. "Nikiiangalia," akasema, "watajua hakuna moto." Na kweli hakukuwa na moto. Ilikuwa boksi lililopakwa rangi nyekundu.

Tulifika mbali mwaka huo. Siku ya mashindano kuna mama mmoja kwenye viti vya mbele alilia kabisa, akajifuta kwa skafu. Tukirudi kwa basi tuliimba jina la yule kijana. "Huyu msee haigizi!" tulipiga kelele, na yeye akacheka akiangalia dirishani.

Haikuchukua wiki mbili maneno yakageuka. Hayakubadilika hata herufi, yaligeuka tu. Usiku mmoja baada ya prepu mtu aliuliza kwa bweni inakuwaje mwanaume anajua kutembea vile. Nikajibu, "Si mlisema wenyewe? Huyo haigizi." Bweni zima likaanguka kicheko. Nilikipenda kicheko kile, siwezi kudanganya. Baada ya hapo godoro lake lilimwagiwa maji, leso ikapatikana imefungwa kwenye mlingoti wa bendera, na akaacha drama. Muhula wa tatu hakurudi. Tuliambiwa amehamishwa.

Kwa hiyo nina swali, na sio la kifalsafa peke yake. Inawezekanaje maneno mawili yawe sifa Jumamosi kule Roysambu na yawe shtaka ndani ya bweni? Nimelifikiria sana, na jibu linalonijia silipendi: kwamba pengine ni kitu kimoja pande zote mbili. Ukisema haigizi, iwe kwa mapenzi au kwa chuki, unasema umeuona moyo wa mtu bila yeye kukuonyesha.

Hebu tuanze na sifa.

Sisi tunaotazama BL tuna maoni mengi kuhusu uigizaji, na mengi si ya kijinga. Tunabishana kuhusu machozi: nani analia na uso mzima na nani anafinya tu macho. Tunajua busu la watu wawili waliofungwa na mkataba, midomo imekauka kama imepigwa gundi, na tunajua lile lingine. Tunaona mikono. Lakini tukifika kwa kazi iliyo bora kabisa, lugha yetu inaisha ghafla. Hatusemi "ameigiza vizuri." Tunasema "haigizi." Mwigizaji dhaifu tunamwita mwigizaji, halafu yule hodari tunamnyang'anya hata jina la kazi yake. Ni kama kumwambia mama aliyesukuma chapati tangu alfajiri kwamba chapati zake zimejipika.

Chukua I Told Sunset About You ya mwaka 2020. Ni sehemu tano tu, imepigwa Phuket, na kwangu ni kati ya kazi bora zaidi za aina hii. Teh na Oh-aew walikuwa marafiki wa utotoni waliokosana, na ugomvi wao ulihusu ndoto ya kuwa mwigizaji. Wanakutana tena wakijifunza Kichina ili waingie chuo kikuu. Wanaoigiza ni Billkin na PP Krit, ambao ni marafiki tangu kabla ya tamthilia hii na walikuwa wameonekana pamoja kwenye My Ambulance mwaka 2019. Basi watazamaji tukachukua urafiki huo tukaufanya ushahidi. Waliigiza vizuri kwa sababu wanapendana, kesi imefungwa.

Lakini angalia alichopewa Billkin kufanya. Teh anataka kuwa mwigizaji, na kwenye maisha yake ya kila siku yeye ndiye anayejifanya kuliko wote. Anajifanya hana wivu. Anajifanya ni urafiki tu. Mwishowe anaacha nafasi yake ya chuo ili Oh-aew aipate, na hata hilo hawezi kulieleza. Billkin alilazimika kuigiza kijana anayeigiza vibaya. Ilibidi sisi tuuone uongo huku Teh akiamini hatuuoni. Urafiki wa kweli hauwezi kukufanyia hiyo kazi. Urafiki unaweza kukusaidia usiogope kumkaribia mwenzako, lakini kipimo cha ni kiasi gani cha uongo kivuje kwenye uso, hicho lazima ukipime mwenyewe, mara kadhaa, kamera ikiwa imesogezwa karibu na pua.

Au chukua The Untamed ya China, 2019, sehemu 50. Riwaya iliyotoka humo ni ya wanaume wawili wapendanao. Kwenye skrini ya China hilo haliruhusiwi, hivyo wakageuzwa marafiki wa rohoni. Kwa kundi letu tumewahi kukosana kabisa kuhusu Wang Yibo, anayeigiza Lan Wangji. Mmoja wetu alisema ni ukuta uliopakwa chokaa: uso mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwingine akasema hapana, uso ule ni mlango uliofungwa na mtu aliye ndani. Mimi niko upande wa mlango. Wei Wuxian anaporudi baada ya miaka 16 ya kudhaniwa amekufa, Lan Wangji anamshika mkono, na ule uso haubadiliki sana, lakini mkono hauachii. Neno lilikatazwa, mkono ukapewa kazi ya neno.

Nilichokipenda kuhusu ubishi ule ni kwamba ulikuwa kuhusu kazi. Tuliongea kuhusu shingo, pumzi, muda ambao jicho linakaa. Hakuna aliyeuliza Wang Yibo analala na nani.

Ubishi mwingi haubaki hapo. Kule Thailand kuna neno khu jin, kapo ya kuwaziwa: waigizaji wawili ambao mashabiki wanawaona kama wapenzi hata kamera ikizimwa. Kampuni zinalijua hilo, zinauza hilo. Wawili wakiigiza pamoja wanapelekwa pamoja kwenye matangazo, kwenye mahojiano, kwenye matamasha ya mashabiki, na pale wanaombwa washikane mikono kidogo, waangaliane kidogo. Hiyo pia ni kazi, na pengine ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu haina mwongozaji wa kusema "kata."

Halafu mmoja anaonekana na msichana. Hapo ndipo sifa yetu inageuka deni. Ati ametusaliti. Ati alitudanganya. Imetokea kwa waigizaji zaidi ya mmoja, na ukizisoma hasira za watu utadhani mume wao ametoroka na mahari. Lakini alituahidi nini yule kijana? Alituahidi Pran. Akatupa Pran. Hayo mengine tulijiahidi wenyewe siku ile tuliposema haigizi.

Mfano ninaourudia kila mara hautoki Asia. Mwaka 2022, Kit Connor wa Heartstopper, tamthilia ya Uingereza, alikuwa na miaka 18. Watu walikuwa wamemwandama wakidai kwamba kama yeye si mmoja wao, basi anawatumia kwa kujificha nyuma ya nafasi ile. Akatangaza kwamba anapenda jinsia zote mbili, na akasema wazi kwamba amelazimishwa kulisema. Tafakari ni nani waliomlazimisha. Sio wachungaji wala polisi. Ni watu walioipenda hadithi yenye fundisho kubwa kwamba mtoto asiharakishwe kujitaja.

Hapa ndipo rafiki yangu wa Roysambu alinikatiza nilipomsomea rasimu ya maandishi haya. Yeye ni mwanamke anayependa wanawake, na amenipa ruhusa kusema hivyo, lakini sio jina.

"Wewe unaongea kama mtu ambaye hana haja," akaniambia. "Mimi nikitaka yawe ya kweli, sio umbea. Nataka kujua kuna mtu mahali fulani duniani anaishi hivyo na bado anapata kazi, anapigwa picha, anarudi nyumbani. Ukiniambia ni kazi tu, umenipokonya."

Sikuwa na jibu siku hiyo. Hii hoja ina uzito, na ina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa haki: aina hii ya hadithi ilianzia kwenye katuni za Japani za miaka ya 1970, zikichorwa na wanawake, zikisomwa na wanawake zaidi. Mashoga wenyewe walikuwa wageni kwenye hadithi zao. Mpaka leo kuna swali la nani anaandika, nani anaajiriwa, nani anaambiwa anyamaze kuhusu maisha yake ili bidhaa iuzike. Hilo swali ni halali. Lakini linapaswa kwenda kwa mwenye pesa. Muulize mtayarishaji ni wangapi walifika kwa majaribio wakakataliwa kwa sababu hawafichi. Ukilipeleka swali hilohilo kwa kijana wa miaka 20 na kumwambia athibitishe, umemlenga mtu asiye na mamlaka yoyote ya kulijibu.

Upande wa pili ni wa njaa, na hapo namwelewa kabisa. Tarehe 24 Mei 2019, sheria ya Taiwan ya kuruhusu ndoa za jinsia moja ilianza kutumika. Siku hiyo hiyo, Mahakama Kuu hapa Nairobi ilikataa kufuta vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu. Thailand nayo ilianza kusajili ndoa hizo Januari 23, 2025. Mtu anayetazama kutoka Roysambu haoni tamthilia peke yake, anaona nchi. Ndiyo maana anataka isiwe uigizaji. Akiambiwa ni uigizaji anasikia kwamba hakuna mahali kama hapo.

Ila mahali papo. Watu waliosimama kwenye foleni ya kusajili ndoa Bangkok si waigizaji. Hatuhitaji Pat na Pran wawe wapenzi ili watu hao wawepo. Na kwetu sisi, ambao tunajua gharama ya kusomwa vibaya, ingefaa tuwe wa mwisho kumsoma mtu bila ruhusa. Bangkok wakisema huyu haigizi, pengine tiketi zinauzwa zaidi. Kwetu mwenye nyumba anaweza kukuambia utafute pengine mwisho wa mwezi.

Tamthilia iliyonisaidia kulifikiria jambo hili ni ya Japani, Cherry Magic ya mwaka 2020. Adachi ni karani wa ofisi ambaye amefika miaka 30 bila kulala na mtu, na kama uchawi, akimgusa mtu anasikia mawazo yake. Asubuhi moja kwenye lifti iliyojaa anabanwa dhidi ya Kurosawa, yule nyota wa ofisi, mzuri wa sura na wa mauzo, na anasikia kwamba Kurosawa anampenda yeye.

Kama unataka kuona kazi, mwangalie Machida Keita akiwa Kurosawa. Uso wake umetulia, suti imenyooka, na ndani tunasikia sauti ya mtu anayepagawa kwa sababu Adachi ana nywele zilizosimama nyuma ya kichwa. Mwigizaji mmoja anabeba watu wawili, na utani wote unategemea mmoja asimwangushe mwingine.

Hiyo ni ndoto ya kila mtazamaji, sio? Kumgusa mtu mzuri na kujua kwa hakika. Bila kuuliza, bila kukataliwa. Lakini hadithi haimwachi Adachi astarehe. Kadiri anavyompenda Kurosawa ndivyo ule uwezo unavyomtia aibu, kwa sababu anajua vitu ambavyo hajaambiwa. Kila kitu kizuri anachomfanyia Kurosawa kinaonekana kama mtihani alioibiwa majibu. Mwishowe anamwambia ukweli, na karibu wapotezane. Wanaporudiana, uwezo unaondoka, na Adachi anabaki kama sisi wengine: akitaka kujua, lazima aulize, na akiuliza anaweza kunyimwa.

Na mwishoni kabisa wako tena kwenye lifti, wanakaribiana, na milango inafungwa kabla hatujaona busu. Watu walilalamika sana. Mimi pia nililalamika, niliirudisha nyuma mara mbili nikidhani bando limekata. Najua malalamiko yale yana haki yake, kwa sababu wapenzi wa kike na kiume hawafungiwi milango hivyo. Lakini siku hizi nikikumbuka ile lifti nafikiria pia jambo lingine. Sehemu 12 tulikuwa ndani ya kichwa cha mtu. Haikuwa vibaya mara moja tuachwe nje.

Najua kuna msomaji ambaye tangu aya za mwanzo anajiuliza kunihusu. Mwanaume, anatazama hizi vitu, amesoma boi-skulu, ana uchungu huu wote. Huyu naye haigizi. Sitakujibu, na sio kwa sababu jibu lina aibu. Ukitaka kujua kitu kunihusu, hapa umepata kimoja cha hakika: niliwahi kumuuza mwenzangu kwa kicheko cha dakika moja.

Mwaka jana nilimwona. Ni kweli, sikutunga. Nilikuwa nangoja matatu mjini, mvua imeanza, na mtu aliyesimama mbele yangu akageuka. Alinitambua kabla sijamtambua. Tulisalimiana vile watu husalimiana wakiwa hawajui ni kiasi gani mwingine anakumbuka. Ameongezeka mwili, ana ndevu. Alikuwa amebeba mfuko wa kitambaa na mkate.

Nilitaka kuomba msamaha. Niliandaa maneno kichwani, lakini foleni ilikuwa inasonga na watu walikuwa wengi, na nikaogopa kwamba nikilitaja lile jambo pale mbele ya watu nitakuwa nimemfanyia tena kitu kilekile. Labda hiyo ni sababu, labda ni kisingizio. Nilichosema ni hiki: "Bado nakumbuka vile ulikuwa unaepua ile sufuria bila kuangalia."

Akanyamaza kidogo. Kisha akatabasamu, tabasamu dogo la upande mmoja.

"Nilifanya mazoezi sana," akasema. "Wiki tatu."

Makanga akaita, akapanda. Msamaha bado ninao, haujafika. Lakini Jumamosi iliyofuata tulipokuwa Roysambu, rafiki yangu akaanza tena, "Hawa hawa—" akaniangalia, akacheka, akabadilisha. "Sawa bana. Hawa wamefanya mazoezi."